Wakuu, likizo ijayo nendeni Lamu: anayejua Kiswahili anafaidi kuliko mtalii yeyote

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila Desemba ikikaribia jukwaa linajaa nyuzi za "familia niipeleke wapi", na majibu ni yaleyale: Nungwi, Kendwa, Diani, na Serengeti kwa wenye nazo. Lamu haitajwi. Ikitajwa, atatokea mtu aseme ni sehemu ya Wazungu wenye pesa. Mimi ni mtu wa Tanga, shughuli zangu zinanivusha Horohoro mara kwa mara, na Lamu nimeshakwenda kwa pesa yangu ya mfukoni nikalala nyumba za wageni za kawaida kabisa. Hoja yangu ni moja na nitaitetea humu: mji ule unamlipa zaidi mtu anayeelewa Kiswahili. Mgeni wa mbali anapiga picha mlango, anasifu nakshi, anaondoka. Wewe unaweza kukaa barazani mbele ya mlango huohuo ukasikiliza wazee wanabishana mpaka Magharibi, na ukachangia.

Kwa wasioijua: Lamu, wenyewe wanaiita Amu, ni kisiwa cha kaskazini ya pwani ya Kenya. UNESCO waliuingiza mji wake wa kale kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na sababu inaeleweka ukishatembea ukanda ule. Gedi ni magofu. Takwa ni magofu. Shanga kule kisiwa cha Pate, iliyokuwa na msikiti tangu karne ya 8, ni magofu. Lamu watu wamekaa zaidi ya miaka 700 bila kuhama, na mpaka leo asubuhi utakuta mama anafagia ukumbi wa nyumba iliyojengwa kabla Wazungu hawajagawana Afrika.

Mitaani magari hakuna. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa mji, ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja angoje. Punda ndiyo fuso ya mji: saruji, mchanga, mawe ya matumbawe, magunia ya unga, vyote vinapita kwenye shogi mgongoni mwake. Ukisikia kijana nyuma yako anapaza sauti "Punda! Punda!", usigeuke kutazama kwanza, jibane ukutani halafu ndiyo utazame. Tangu 1987 kuna kliniki ya shirika la Donkey Sanctuary pale mjini inayotibu hao punda, na ukipita utawaona waliojeruhiwa na kamba wamefungwa bandeji, wametulia na mambo yao.

Sasa nyumba. Hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndiyo ugonjwa wangu. Ukitoka njiani unaingia dakani, kibaraza chenye viti vya mawe pande zote mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba anapopokea watu asiotaka kuwaingiza ndani. Ukivuka mlango, njia inapinda, kwa makusudi, ili mpita njia asione kitu. Kisha unatokea kiwandani, ua usio na paa, jua linashuka mpaka chini. Baada ya hapo kuna misana, vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana, na kila unavyozidi kwenda ndani ndivyo sakafu inavyopanda kidogo na faragha inavyozidi. Ukuta wa chumba cha ndani kabisa umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, vilikokuwa vinapangwa vyombo vya kaure vilivyokuja na majahazi.

Nilimuuliza fundi mmoja mbona vyumba ni virefu hivi lakini upana haufiki hata mita tatu. Akanionyesha dari. Dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti ikizidi urefu huo haihimili uzito wa mawe na chokaa juu yake. Kwa hiyo mti wa mikokoni ndio uliopima upana wa vyumba vya Waswahili, kuanzia Pate mpaka Kilwa. Boriti hizohizo zilikuwa zinapakiwa majahazini kupelekwa Ghuba, na huko nako zikapima vyumba vya watu. Nyumba moja ya karne ya 18 imefanywa makumbusho, iko katikati ya Mkomani, mtaangalia wenyewe. Njiani inueni vichwa pia: kuna sehemu chumba kimejengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Wanakiita wikio. Wanawake wa ndugu waliweza kutembeleana bila kushuka njiani.

Ngome iko Usita wa Mui, barabara kuu ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Waamu waliwapiga Wapate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa pale Shela, kijiji cha kisiwa hichohicho, wakawashinda, halafu hofu ya kisasi ikawaingia. Wakamwita Seyyid Said wa Omani awalinde. Ulinzi ukaja, na utawala nao ukaja nyuma yake. Ngome ilimalizika 1821. Waingereza wakaigeuza jela mwaka 1910 na ikabaki jela mpaka 1984, Kenya huru ikiwa na miaka ishirini na kitu. Mzee aliyenitembeza alisimama muda mrefu zaidi kwenye stori ya jela kuliko ya vita.

Makumbusho ya ufukweni usiyapite. Humo zimo siwa mbili: ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Hizi baragumu zilikuwa mamlaka yenyewe. Pasipopigwa siwa, harusi ya watu wakubwa haijawa harusi. Mimi nilisimama mbele ya ile ya pembe mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Waliosoma fasihi watakumbuka Mwana Kupona na utendi wake wa 1858 aliomwandikia binti yake. Mumewe, Bwana Mataka, alitawala Siyu, mji wa kisiwa cha Pate uliowasumbua sana masultani wa Zanzibar, na Mwana Kupona mwenyewe alifia Lamu. Mimi utendi ule nilikaririshwa shuleni kama adhabu. Kule nilikuta muuza samaki anauchomekea beti katikati ya maongezi, na wateja wake wanamalizia.

Jioni baada ya Alasiri ndiyo saa ya mji. Muuza kahawa anapita na dele lake la shaba, makaa chini, mkono mmoja unagonganisha vikombe. Kahawa tungu, tangawizi kidogo, kikombe hakina mkono, unakishika kwa ncha za vidole na unakirudisha palepale, kinasuuzwa, anapewa jirani yako. Pembeni kipande cha halwa. Siku niliyokaa na wazee wa karibu na ngome mada ilikuwa bandari mpya ya LAPSSET, ule mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, upande wa bara, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mmoja alikuwa anaitetea kwa ajira, mwingine mvuvi anauliza ajira gani kwa mtu aliyesoma bahari tu, kwani pale walipochimba ndipo alipokuwa anatega. Wakahamia kwenye mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa huko, ambao leseni yake ilifutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019 baada ya wananchi kushtaki. Hilo walikubaliana wote. Nyuma yetu kundi la watalii lilisimama, likapiga picha "wazee wanakunywa kahawa", likaondoka. Mnaona hoja yangu?

Chakula sitaandika sana, nisije nikafunga laptopu nikaenda kula. Mkate wa mofa na samaki wa kupaka, wali wa nazi, mishkaki ya njiani, mahamri ya asubuhi na mbaazi. Kuleni kwenye migahawa midogo ya mtaa wa Langoni, siyo ufukweni kwenye menyu ya kurasa sita.

Maswali yaleteni.

#2 Mdau wa Dodoma

Mkuu, uzi mtamu, ila umeruka swali ambalo mke wangu ataliuliza la kwanza. Usalama vipi? Nasikia Lamu, nasikia Al-Shabaab.

#3 Mleta uzi

Swali halali na sitalipaka rangi. Mwaka 2011 watalii walitekwa Kiwayu na Manda, visiwa vya jirani. Juni 2014 Mpeketoni, upande wa bara, waliuawa watu wengi sana, na mkoa mzima ukakaa kwenye amri ya kutotoka nje usiku kwa muda mrefu. Mashambulizi mengine yametokea barabarani na vijiji vya karibu na msitu wa Boni. Mji wenyewe wa Lamu una maisha ya kawaida, watu wanatembea usiku, watoto wanacheza ufukweni mpaka Isha.

Tofautisha mambo mawili: kukaa kisiwani na kufika kisiwani. Wasiwasi uko kwenye kipande cha barabara ya bara, Garsen mpaka Mokowe unakopandia boti. Barabara siku hizi ni lami, ina vizuizi vya askari, na mabasi husafiri mchana, mara nyingine kwa kusindikizwa. Ukiwa na watoto na uwezo upo, panda ndege Mombasa, Malindi au Nairobi ushukie uwanja wa ndege wa Manda, uvuke na boti. Na wiki ya safari uliza hali ilivyo kwa watu wa kulekule, usitegemee uzi wangu wa leo.

#4 Mdau wa Unguja

Samahani bwana, lakini yote uliyoyataja, milango, baraza, kahawa, vichochoro, tunayo Mji Mkongwe. Urithi wa dunia tangu mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya hao Lamu wako. Boti ya asubuhi kutoka Dar, hakuna pasipoti wala kubadilisha pesa. Watu tuanzie nyumbani.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, Mji Mkongwe naupenda na sitaki ugomvi na watu wa urojo. Lakini si mji mmoja wenye majina mawili. Wako sehemu kubwa umejengwa karne ya 19, mji wa kisultani na wa biashara kubwa, una mkono wa Omani na wa Wahindi, zile roshani na milango ya Kigujarati. Wa Lamu ni mkubwa kwa umri na mdogo kwa kimo. Ni nyumba za matajiri Waswahili wa kabla ya usultani, fahari yote imewekwa ndani na nje ni ukuta mweupe. Pia nenda Shangani, mtaa wenu huko Mji Mkongwe, leo saa kumi na mbili jioni uhesabu nyumba ambazo bado wanaishi watu na ambazo zimekuwa hoteli au duka la vinyago. Mkomani bado kuna majirani wanaoombana chumvi. Ugonjwa huohuo unawafuata, hilo sibishi.

Ukipenda nenda kote kuwili, ndipo utauona kila mmoja vizuri.

#6 Mwenyeji wa Langoni

Assalaam alaykum. Nimetumiwa huu uzi na jamaa yangu aliye Muscat, nami ni mtu wa papa hapa Amu, naomba niongeze.

Huo ugonjwa anaousema ndugu umeshafika Shela. Ni pazuri, ufuo wake ni kilomita kama 12 za mchanga mtupu, msikiti wake wa Ijumaa una mnara wa mviringo tangu 1829. Lakini nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka, na mtaa ukiwa na madirisha yaliyofungwa miezi kumi huo si mtaa. Nendeni mkaogelee, laleni mjini.

Na yale matuta ya mchanga ya Shela msiyaone ni mchanga tu. Maji ya visima tunayokunywa mji mzima yanachujwa na kuhifadhiwa humo. Kila anapotaka mtu kujenga juu yake watu hupiga kelele kwa sababu hiyo, si wivu. Mgeni anayeoga dakika ishirini ajue anaoga maji ya matuta.

Adabu ndogo ndogo: nguo za kuogelea ziishe ufukweni, usije nazo Usita wa Mui. Picha uliza kwanza, hasa kwa akina mama. Pombe ipo hoteli chache, usitembee nayo mkononi. Vijana wa ufukweni watakuja wakupeleke huku na huku. Kubaliana bei kabla hujapanda mashua, tena bei ya mashua nzima, si ya kichwa.

Na asiye na haraka aende Matondoni akatazame mafundi wakikalafati jahazi, nyuzi za pamba zilizolowa mafuta zinapigwa kwa nyundo na tindo kwenye kila mwanya wa mbao. Sauti yake unaisikia kabla hujafika.

#7 Dada wa Arusha

Naona wanaume mmejaa humu mnasifia baraza. Baraza ni la kwenu! Mimi nilikwenda na dada yangu mwaka juzi, na nawaambia Lamu halisi iko ndani, na mwanamke anayejua kusalimia kwa Kiswahili anaingizwa ndani siku ya kwanza. Tulikwenda kupakwa hina kwa mama mmoja Mkomani, tukaishia kualikwa kwenye harusi ya jirani yake. Ukumbi mzima wanawake watupu, mabuibui yametundikwa mlangoni, na chini ya yale mabuibui kulikuwa na nguo na dhahabu ambazo kaka zangu hamtaziona maishani. Bibi harusi alipakwa piko na hina mikono mpaka kwenye kiwiko, amekalishwa juu akitazamwa. Wenyeji wakatuuliza kwetu wanaimba nini. Tukaimba. Hatukuimba vizuri, lakini tulitunzwa.

Hayo zidaka tuliyoyaona huko yalikuwa na chaja za simu na picha ya mtoto wa mahafali. Mleta uzi kasahau kusema bado yana kazi.

#8 Mleta uzi

Dada, umeniokoa. Hapo mimi sina ruhusa ya kufika hata nikikaa mwaka.

#9 Mdau wa Morogoro

Mimi nimeshawishika. Naomba msimu na njia, pia hiyo Maulidi ninayoisikia ni lini? Nina watoto wawili, watachoka na majumba siku ya kwanza.

#10 Mleta uzi

Maulidi ya Lamu hufanyika Mfungo Sita kuelekea mwisho wa mwezi, kwa miaka hii inaangukia Agosti na Septemba. Chimbuko lake ni Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyehamia Lamu na kujenga Msikiti Riyadha karibu na mwaka 1900. Wenye vyeo wa mji hawakufurahi, kwa sababu alifundisha dini watu waliohesabiwa wa chini, wakiwemo waliotoka utumwani, akawaruhusu matari na ngoma kwenye kumsifu Mtume. Leo watu wanakuja kutoka Comoro, Unguja, Mombasa na Uarabuni. Usiku ni kasida, watu wamejipanga wanayumba pamoja, matari yanaitikiana. Mchana ni michezo: mbio za punda ufukweni, mashindano ya mashua, kuogelea, bao. Watoto wako hizo mbio za punda hawatazisahau, maana mpanda punda hukaa nyuma karibu na mkia na punda anaweza kuamua katikati ya mashindano kwamba anarudi nyumbani. Tahadhari: vyumba hujaa, weka nafasi mapema sana.

Nje ya Maulidi, Desemba mpaka Machi ni kaskazi, kavu, bahari imetulia, ila Februari na Machi joto ni kali. Juni mwishoni mpaka Oktoba kuna ubaridi mzuri wa kusi. Mei acha, ni masika na hoteli nyingine zinafunga.

Watoto wapeleke Takwa, kisiwa cha Manda. Unapita kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko, kisha unafika kwenye mji uliohamwa karne ya 17, msikiti wake na kaburi la mnara bado vimesimama. Watu wake wanasemekana walivukia Shela, na Washela mpaka leo hurudi kwenye kaburi lile kuomba mvua. Lakini lazima umuulize nahodha habari za maji. Mkono ule hupitika maji yakijaa. Yakitoka mashua inakaa kwenye tope na nyinyi mnakaa nayo. Vivyo hivyo ukitaka kwenda Pate, boti hupita mlango wa Mkanda, nao una saa zake. Kule ratiba inapangwa na bamvua na maji mafu, siyo na simu yako.

Njia: Dar au Tanga mpaka Mombasa kwa basi, pasipoti au hati ya dharura mkononi na kadi ya homa ya manjano. Lala Mombasa. Basi la Lamu linaondoka alfajiri, linapita Malindi, Garsen, Witu, Mpeketoni, mpaka Mokowe, kisha boti ya abiria, safari fupi. Makumbusho na ngome vina kiingilio cha bei nafuu kwa watu wa Afrika Mashariki, onyesha kitambulisho, usilipe cha Mzungu kwa uzembe.

Chumba chukua cha ghorofa ya juu kinachotazama baharini, upepo unaingia na feni utaizima. Cha chini ni cha bei rahisi lakini utalala na joto, na punda wa jirani ataamka kabla ya mwadhini.